Seichas ya Genadi na Kisima cha Haneti

Ninyi vijana mnaopika kwenye makambi ya barabara na visima, na ninyi mnaotembea na mitambo mkila vinavyopikwa na wengine, tulieni mnisikilize. Nimestaafu mwezi huu. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na sufuria, utadhani masufuria niliyosugua maisha yangu yote hayakutosha, halafu mkasema, "Bibi, tuachie kumbukumbu." Basi hizi hapa. Shule niliyosoma mimi ni ile ya watu wazima, ya jioni, unga ukiwa bado mikononi, kwa hiyo msinitafutie makosa ya mkato na nukta. Atakayetaka kunisahihisha aanze kwa kuosha vyombo.

Kazi nilianzia Gulwe, kwetu, kwenye genge la reli. Mpishi alikuwa Mzee Ndahani, mtu mfupi, mkali, asiyecheka mpaka watu wameshiba. Siku ya kwanza alinipa mwiko akanisimamisha mbele ya sufuria linalotokota, akasema, "Songa." Nikasonga. Akanitazama, akachukua mwiko wake. "Binti, ugali unasongwa kwa kiuno, siyo kwa kiwiko. Kwa kiwiko utafika saa nane umekufa." Nikajifunza. Alinifundisha pia kuangalia upepo kabla ya kupanga mafiga, kutundika chumvi kwenye kopo juu panapofika moshi ili isilowe, na kutofunua maharage kila mara kama mtu anayechungulia mgonjwa. Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: chakula kikiiva unapiga sufuria mara moja, watu wote wanakuja, wananawa, wanakaa kwenye sinia, wanakula pamoja. Humpelekei mtu chakula alipo. "Ukimpelekea leo," alisema, "kesho atataka na maji ya kuoga."

Somo hilo nililishika kuliko hata alivyolishika yeye. Nilipohamia Kizota, kwenye yadi ya mitambo ya kuchimba visima, wanaume wazima walikuwa wakisikia sufuria langu wanaacha spana hewani. Aliyechelewa alikuta sinia limeoshwa. Sikuwa na maneno mengi naye.

Aliyenisumbua alikuwa mmoja tu, Genadi.

Genadi alikuwa fundi mkuu wa mtambo. Alitoka Urusi pamoja na mtambo wenyewe, kwa makubaliano ya serikali na serikali. Baadaye makubaliano yakaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki, kwa sababu mtambo ule ulikuwa hausikii mtu mwingine. Alikuwa na ndevu kama brashi ya kusugulia sakafu. Kiswahili chake alikiokota kwa vibarua, kwa hiyo matusi aliyajua kabla ya salamu. Ilibidi nimfundishe mimi mwenyewe kwamba mtu mzima anaamkiwa shikamoo, akanielewa vibaya kidogo, akawa anamwamkia shikamoo kila mtu, hata mbuzi wa jirani.

Sasa huyu ukimwita kula, anajibu, "Seichas, mama." Ukimwuliza grisi iko wapi, "Seichas." Ukimwambia shati limeungua kwenye ekzosi, "Seichas, seichas." Vibarua wakambatiza Bwana Seichas. Hata mlinzi wa getini, ukimgongea lango, ukawa unasikia kutoka ndani, "Seichas!" na hatoki.

Jioni moja, tukiwa Kizota bado, nilichoka nikauliza mbele ya sinia. "Injinia, hili neno lake maana yake nini? Kama ni tusi niambiwe nijue la kufanya."

Injinia Kimaro alikuwa kijana wa Moshi aliyesomea huko huko Urusi miaka mingi, akarudi na koti zito ambalo Dodoma halikuwa na kazi. Akacheka. "Siyo tusi, mama. Ni 'sasa'. Ila ukilipasua ni maneno mawili yaliyogandana. 'Sei' ni 'hii', la kizamani, siku hizi hawalitumii peke yake, limebaki kwenye maneno machache tu kama hilo. 'Chas' ni 'saa'. Kwa hiyo seichas ni 'saa hii'. Hata 'leo' wameitengeneza hivyo hivyo: 'segodnya', ya siku hii."

"Saa hii," nikasema. "Na mbona saa yenyewe haifiki?"

"Ndiyo ilivyo kwao. Kwanza ilikuwa saa hii kweli. Halafu watu wakalivuta. Ukisema seichas inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa punde kidogo, inaweza hata kuwa jambo lililopita sasa hivi. Wewe unasikiliza sauti ndiyo unajua."

Genadi alikuwa anatafuna, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesifiwa.

"Na hiyo 'chas'," Injinia akaendelea, maana ukimpa mwenye elimu mlango anaingia na mabegi, "kabla ya saa za ukutani haikuwa saa ya kuhesabu. Ilikuwa ni muda tu, wakati. Chumba changu cha bweni nililala na Mpolandi. Lugha zao ni ndugu. Kwa yule, 'chas' mpaka leo ni wakati, saa wana neno lingine."

"Kwa hiyo Genadi akisema saa hii," nikamwambia, "anasema wakati huu, na wakati hauna sufuria la kupoa."

Hamisi akadakia. Huyu alikuwa kijana wa Chemba, mshika mabomba, lugha ya kwao ile ya kugonga ulimi. "Msimcheke Genadi. Hata sisi 'sasa' yetu ni hivyo hivyo. Ustadhi wetu Kondoa alitufundisha, imetoka kwenye Kiarabu, assaa, saa hii. Tena sisi imelegea mpaka tumeifunga kamba: sasa *hivi*."

Injinia akajipiga kofi gotini kwa furaha. "Na wao wanayo hiyo kamba! Wakitaka isilegee wanasema 'seichas zhe'. Hapo ujue ni hapo hapo, hakuna kugeuka."

"Mimi huyu sijawahi kumsikia na hiyo zhe," nikasema.

"Zhe siyo kwa ugali," Genadi akajibu mwenyewe, na watu wakacheka mpaka mlenda ukamwagika.

Wakamgeukia Hamisi awape neno la kwao la sasa. Akakataa. "La kwetu siwapi. Mtalichakaza." Genadi akajaribu kugonga ulimi hivyo hivyo bila neno, ikatoka sauti ya chupa ya soda inayofunguliwa. "Na Kigogo, Mama Rehema?" wakaniuliza mimi. Nikawaambia, "Sisi tunasema njoo, na mtu anakuja."

Hayo niliyapokea kama walivyosema wenyewe. Sikusoma Kirusi wala Kiarabu. Lakini usiku ule nililala nikiwaza kwamba watu wa mbali vile, wa barafu na wa mchanga, wote walipotaka kutaja *sasa* waliishika saa kwa mkono wakasema hii hapa, na wote ikawaponyoka. Niliona haya kidogo kwa kumdhania Genadi peke yake. Kidogo tu. Asubuhi alichelewa chai.

Tukaenda Haneti. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Dodoma yamejaa mitumba na sabuni za kila rangi, na kwenye ofisi watu wanapunguzwa. Fundi wetu wa zamu ya pili alikuwa ameshapunguzwa, na vipuri vya mtambo havikuwa vinakuja tena. Kila siku tulisikia mtambo wenyewe utauzwa kwa mtu binafsi, atakayemchimbia mwenye uwezo. Kijiji tulichopelekwa hakikuwa na uwezo. Kilikuwa na korongo la mchanga ambalo wanawake wanafukua kwa bakuli mpaka maji yachuruzike, halafu wanasubiri.

Aliyeniletea maji ya jikoni alikuwa Mama Eliza, umri wangu, mjane, anaishi na wajukuu. Nyonga yake ilikuwa imeharibika. Alikuwa akitembea na ndoo kichwani akiinama upande mmoja, lakini maji hayamwagiki. Siku ya pili tu akaniambia, huku anakaa kwa kujishikilia kwenye jiwe, "Dada, mimi msimu huu ndio wa mwisho. Mkipata maji nakaa. Msipopata nafunga nyumba, naenda kwa mdogo wangu mjini kulelewa kama mtoto. Shamba nitamwachia nani? Mwiba." Alisema hivyo akimenya kitunguu changu, wala hakuniomba kitu. Nikamwambia wachimbaji wangu ni hodari. Akasema, "Tutaona."

Shimo la kwanza lilikwenda vizuri mpaka likafika kwenye mchanga. Mkumbuke hili, ninyi mnaofanya kazi na mitambo, ingawa najua mnajua: chini kule kuna tabaka la mchanga mlegevu, na kinachouzuia usiporomoke ni tope zito linalosukumwa na pampu na kuzunguka muda wote. Zima mashine, tope linalala, mchanga unafumba, unakamata vyuma kama mamba. Ni lazima upite tabaka lile bila kusimama, ufike kwenye mwamba, uteremshe mabomba ya kuzuia. Basi.

Wakiwa katikati ya mchanga, akaja mheshimiwa. Alikuja na gari, na mwenyekiti wa kijiji amevaa koti la kanisani. Watu wakakusanyika. Mheshimiwa akasimama karibu na mtambo akafungua mdomo, hakusikika. Mwenyekiti akaja mbio.

"Zimeni hiyo mashine, mheshimiwa asikike!"

Genadi akatikisa kichwa. "Seichas, seichas," akisihi kwa mkono, subiri.

"Mnamkatalia mheshimiwa? Injinia, wewe ni Mtanzania, wewe unaelewa!"

Injinia alikuwa kijana, ajira mpya, na watu walikuwa wanapunguzwa. Akazima.

Hotuba ilikuwa ya maendeleo, ya subira, na ya soko huria. Tulipiga makofi. Mashine ilipowashwa vyuma havikuzunguka. Walivuta mpaka mnyororo ukakatika ukapita juu ya kichwa cha Hamisi. Vyuma vyetu viko kule chini mpaka leo. Mama Eliza aliliangalia shimo kwa muda, akaokota ndoo yake. "Hotuba lakini ilikuwa nzuri," akasema, akashika njia ya korongoni.

Tukahamia upande wa pili wa kijiji, tukaanza la pili. Lilipokaribia mchanga, ndipo Injinia alipotoka kwenye redio ya upepo akiwa amebadilika uso.

"Wanasema kesho kutwa tuwe Kizota. Mtambo umepata mnunuzi."

"Kesho kutwa ya lini?" Hamisi akauliza.

"Kesho kutwa yenyewe, Hamisi. Jua likizama siku hiyo mwenyewe anakuja kuuchukua."

Genadi alikuwa ameketi anavuta sigara. Akaizima kwa buti. Nikasubiri aseme neno lake. Akasema, "Seichas zhe," akaenda kulala mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kulipopambazuka nilisikia mashine imeshawashwa, na chai yangu bado haijachemka. Waliondoka bila kunywa.

Mchana nikapiga sufuria. Hakuja mtu. Nikapiga tena, na kwa wanaonijua, mimi kupiga mara mbili ni habari. Kimya, mashine tu inanguruma. Nikachukua mwiko nikaenda kuwafuata, nikiwa na maneno yangu yamepangwa tayari mdomoni.

Nilipofika yaliniishia. Springi ya mkono wa mashine, kile chuma kirefu kinachosukuma vyuma chini, ilikuwa imekatika tangu asubuhi na ya kubadilisha haipo. Genadi alikuwa ameukumbatia ule mkono kwa nguvu zake zote, kifua kimeegemea, akiushikilia ubaki pale ulipo. Hamisi alikuwa ndani ya dimbwi la tope mpaka magotini, anakoroga kwa mguu na kushika bomba la kunyonya kwa mkono. Injinia anaimwagia injini maji isichemke. Hakuna aliyeweza kutoka.

"Ukiachia?" nikamwuliza Genadi.

"Mchanga," akajibu. Kiswahili hicho alikijua vizuri.

Nikaangalia mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, na chuma kinatetemeka nayo. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, na midomo imekuwa myeupe. Mtu wa kumpokea hakuwepo, maana Hamisi alijaribu, mashine ikakwama, Genadi akamsukuma. Nikajua huyu mtu ataanguka kabla ya mwamba. Mama Eliza alikuwa amekaa pembeni chini, mguu mmoja ameunyoosha, ndoo yake tupu imelala ubavuni. Siku hiyo hakwenda korongoni. Alikuwa anawaangalia tu.

Mzee Ndahani anisamehe huko aliko. Nilirudi jikoni, nikapakua ugali wa uwele kwenye beseni, mlenda kwenye bakuli, nikarudi nimevibeba.

Nikanawa, nikakata tonge, nikalichovya.

"Mama, seichas, seichas," Genadi akageuza uso.

"Seichas gani? Fungua mdomo!"

Akafungua. Nikalisukuma tonge ndani. Mlenda, mnaujua wenyewe, haukubali kukatika. Ulivutika kutoka bakulini mpaka kwenye ndevu kama utando wa buibui. Nyuma yangu vigelegele vikapasuka. Sikuwa nimefikiri. Kwa watu wa kijiji, mwanamke akimlisha mwanaume tonge hadharani, hiyo ni harusi.

"Dada!" Mama Eliza akapaza sauti. "Mahari wamepokea wajomba gani? Mbona hatukualikwa?"

"Nyamaza, uje ushike beseni."

"Nashika, mimi si ndiye mpambe."

"Na mimi je, mama?" Hamisi akalia kutoka kwenye tope. "Mimi si bwana harusi mdogo?"

"Wewe una mkono mmoja mzima, kula mwenyewe." Nikamwekea tonge kiganjani. Alikuwa na tope mpaka kwenye kucha. Alikula hivyo hivyo, na mimi niliyewarudisha watu kunawa miaka yote nikaangalia pembeni.

Wanawake wakaanza kuimba nyimbo za harusi kabisa, wakimtaja bwana harusi mwenye ndevu za brashi. Kelele za mashine na kelele zao vikashindana. Genadi akawa anatafuna na kucheka, na nikaona mikono imeanza kutulia.

Hapo ndipo mwenyekiti alipofika, na lile koti, na wazee wawili. "Mama, nimesikia mnaondoka kesho. Waambie wasimamishe kidogo tu. Kijiji kinataka kuwaaga rasmi."

Nilimtazama. Nikampa bakuli la mlenda. "Shika."

"Mama, mimi ni mwenyekiti."

"Ndiyo, nakuona. Shika kwa mikono miwili, linateleza. Ukiwaaga sasa, utawaaga pamoja na maji yako."

Akaangalia mashine, akaangalia lile bakuli, akamwona na Mama Eliza anavyomtazama. Akalishika. Alilishika mpaka likaisha, nikaenda kuongeza, akalishika tena. Koti liliharibika, na tangu siku ile sijapata kumsema vibaya yule mtu.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima sauti ya mtambo ilipobadilika, ikawa ya kukwaruza. Genadi alifumba macho akasikiliza. "Mwamba," akasema. Wakateremsha mabomba wote kwa pamoja, hata wale wazee wawili wakavuta kamba. Kisha ndipo akaachia ule mkono. Mashine ikazimwa, hata kuku wakaacha kuchakura.

Wakawasha kompresa ya kupulizia shimo. Ikatoka hewa. Ikatoka hewa tena, na tope. Halafu yakatoka, mekundu kwanza, yakapanda juu kupita vichwa vyetu, yakaanza kuwa meupe, watu wakaingia chini yake na nguo zao. Mama Eliza hakukimbia, asingeweza. Alisubiri kelele zipungue, akakinga kiganja, akaonja.

"Yana chumvi."

"Kidogo tu," nikasema.

"Nimesema yana chumvi, sijasema siyataki." Akakinga ndoo. Ilipojaa hakuibeba kichwani. Akakaa pembeni yake tu, akaitazama, na wajukuu wake wakaanza kumnyunyizia akawaacha.

Nilimwuliza Genadi kama ameshiba. Akaniambia, "Sasa," kwa Kiswahili safi, akalala pale pale kwenye majani.

Kesho yake tulifika Kizota, na mtambo ukachukuliwa. Pampu ya mkono ililetwa kijijini baadaye na watu wengine, na Mama Eliza hakufunga nyumba. Kila mavuno alinitumia uwele kwa lori lolote lililopita, na salamu kwamba shemeji yake wa ndevu hajambo? Shemeji alikwisharudi kwao, kwenye nchi iliyokuwa imebadilishwa jina yeye akiwa hayupo. Nilipomuaga nilimwuliza atarudi lini kutusalimia. Mnajua alijibu nini.

Mimi nikaenda kupika kantini za maofisi ya mjini, halafu nikarudi makambini kwenu mpaka juzi. Za kantini sina la kuwaeleza, kuna viyoyozi na watu wanakuja kwa wakati. Ila nilijifunza jambo moja: kule nako wanasema sasa hivi, na mikononi hawajashika kitu.

Sasa niko nyumbani. Kuna mwanangu, mkwe, na wajukuu waliojaa sebuleni. Siku ya kwanza ya kustaafu nilipika mwenyewe, nikaita. Kila chumba kikajibu, "Sasa hivi, Bibi!" Ugali ukawa unapoa, na mkwe wangu akashika mwiko akitaka kwenda kuwagombeza. Nikamzuia. Nikawakusanya wote, nikawapa agizo, na ndilo linaloendesha nyumba hii mpaka leo: "Mtu akiitwa kula akajibu sasa hivi, msimpigie kelele. Mpelekeeni tonge mpaka alipo. Mkimkuta ameshika kitu ambacho akikiachia kitaharibika, mlisheni kwa mkono mpaka ashibe, na anayefuata amsaidie kushika. Mkimkuta hajashika kitu, mle hilo tonge mbele yake, mrudi, na sinia lioshwe."